Paini au mkangazi kwa bodi ya gitaa la umeme?

Kama mfuko ni mdogo, mimi nachagua paini. Mbao za shamba la miti la Sao Hill, Mufindi, Tanzania, ni rahisi kupatikana, na bodi hutoka kwenye vipande vitatu vya inchi mbili kwa sita, vilivyounganishwa kwa gundi na kurandwa hadi milimita 45 hivi. Si mti wa kudharauliwa: Leo Fender, mtengenezaji gitaa wa Marekani, alitumia paini kwenye gitaa lake la majaribio la 1949. Shida ni unyevu. Nyingi huuzwa zingali mbichi; weka kivulini, pima kila wiki, usikate mpaka uzito uache kushuka. Epuka vifundo, utomvu wake hupenya hadi juu ya rangi. Na ni laini mno, ukucha tu unaacha alama.

Mkangazi ni wa ukoo mmoja na mahogani iliyotumika kwenye gitaa la Gibson Les Paul la 1952. Unashika skrubu vizuri zaidi na unapendeza kwa vanishi tupu, ila bei iko juu, na kwa kuwa hutoka misitu ya asili, muulize muuzaji kibali.

Kwenye sauti, pikapu (kifaa cha sumaku kinachonasa mtetemo wa nyuzi) huamua zaidi kuliko mbao. Ndiyo maana fedha ninayookoa kwenye paini naipeleka huko.