Una wazo la shajara ya ndoto, yaani huduma ambayo mtu anasimulia ndoto zake za usiku na akili mnemba inazitafsiri: upime soko kwa WhatsApp au kwa programu kamili?

Kwa gharama, WhatsApp inashinda: watu 20 wanakutumia ndoto zao kwa sauti kila asubuhi, unazipitisha kwenye akili mnemba, unawarudishia tafsiri. Programu inadai dola 25 mara moja kwa Google Play na dola 99 kila mwaka kwa Apple, kabla hujamlipa mtengenezaji.

Uhakika wa soko? Hesabu wanaoendelea kutuma siku ya 14 bila kukumbushwa, kisha waombe walipie kwa M-Pesa. Sifa tupu si soko. Ila ndoto husahaulika dakika chache baada ya kuamka, na hapo programu yenye kitufe cha kurekodi inawahi; kwenye WhatsApp mtu hukutana kwanza na meseji za usiku.

Uendeshaji: kwa WhatsApp, watu 20 utawamudu, 200 watakulemea. Kama bado hujapata anayelipa, baki WhatsApp. Wanaolipa wakilalamikia majibu kuchelewa, jenga programu.