Feloshipu ya Advance HE kwa wahadhiri: nimeipitia, haya ndo maoni yangu

Naanza na jibu kabisa kwa wale wanaosoma mistari miwili tu na kuondoka. Kama unafundisha chuo na umekuwa ukijiuliza hizi herufi FHEA ambazo watu wanaweka nyuma ya majina yao (Fellow of the Higher Education Academy, hiyo Academy sasa ni sehemu ya Advance HE, taasisi ya Uingereza inayokuza ufundishaji wa vyuo) zina maana yoyote au ni mapambo, mi nasema zina maana, omba, ila ujue unaomba nini, maana wengi wanachanganya feloshipu na tuzo, na mwisho wake wanakata tamaa mapema au wanasubiri kitu ambacho hakimo.

Tuzo ni mashindano. Pale Uingereza kuna National Teaching Fellowship, ambayo ni tuzo hata kama jina lina neno fellowship, ilianza mwaka 2000 na watu 20 wa mwanzo kila mmoja alipewa pauni 50,000 za mradi wa kuboresha ufundishaji. Siku hizi wanaochaguliwa hawazidi 55 kwa mwaka na huwezi kujipeleka mwenyewe, lazima chuo chako kikupendekeze, na chuo kina nafasi 3 tu, kwa hiyo hata uwe mwalimu mzuri namna gani, kama wakubwa zako hawakuoni ndo basi tena. Canada nao walianzisha ya kwao mwaka 1986, ikaitwa 3M National Teaching Fellowship kwa jina la kampuni iliyoifadhili, nayo ni watu wachache mno. Marekani chuo cha Baylor kinatoa Cherry Award, mshindi anachukua dola 250,000 na anakwenda kufundisha pale muhula mmoja. Mi nafurahi kweli kuona mtu anapigiwa makofi kwa kufundisha na sio kwa utafiti peke yake, kwenye vyuo hilo ni jambo adimu. Lakini tuzo za hivo haziwezi kumfikia kila anayefanya kazi nzuri, hesabu yenyewe haikubali.

Feloshipu ya Advance HE ni kitu kingine kabisa. Humshindi mtu. Kuna kiwango kimewekwa, ukikifikia unapewa, usipokifikia unaambiwa pamepungua wapi na unaruhusiwa kuleta tena. Zipo ngazi nne: Associate ni kwa wanaofanya sehemu tu ya kazi ya kufundisha, kwa mfano wanafunzi wa PhD wanaoshika semina au mafundi wa maabara wanaowaelekeza wanafunzi, Fellow ndo ya mhadhiri wa kawaida, Senior ni ya yule anayeongoza au kuwabadilisha walimu wenzake, na Principal ni ya viongozi wanaogusa ufundishaji wa chuo kizima au zaidi. Msinielewe vibaya, hizi sio ngazi za kupanda moja moja, unaomba ile inayofanana na kazi unayofanya sasa hivi.

Kinachopimwa kimeandikwa kwenye mwongozo wao unaoitwa Professional Standards Framework, wa kwanza ulitoka 2006, ukafanyiwa marekebisho 2011 na tena 2023. Una mambo 15: shughuli 5 (kupanga masomo, kufundisha, kupima na kutoa mrejesho, kuwasaidia wanafunzi, kujiendeleza mwenyewe), maarifa 5 na maadili 5, na anayeomba Fellow anatakiwa ayaguse yote. Ukiusoma mara ya kwanza unachosha, naomba uvumilie, kwa sababu toleo hili la 2023 limekazia jambo moja ambalo kwangu ndo thamani yote ya zoezi hili, nalo ni kwamba haitoshi kusema unafanya nini, lazima uoneshe kimefanya kazi.

Mfano wangu. Nina maswali mafupi ya dakika tano mwanzoni mwa kipindi, nayapenda na wanafunzi wanayapenda, kwenye fomu za tathmini wanayasifia. Sasa mwongozo haujali kupendwa. Unauliza kwa nini maswali na sio kitu kingine, wanafunzi wa somo hili wanajifunzaje hasa, na unajuaje kama yamesaidia, na yamesaidia nani. Ikabidi nirudi kwenye skripti za mitihani nikae nazo, niangalie maswali ya dhana peke yake na maswali ya kutumia dhana kwenye tatizo jipya peke yake, na nikaona kitu ambacho tathmini zote za nyota nyota hazijawahi kunionesha: kwenye dhana wamepanda vizuri tu, kwenye kuzitumia hakuna kilichosogea. Basi nikabadilisha maswali yenyewe, sasa yanaanza na tatizo halafu dhana inafuata. Hicho kipande kidogo ndo kikawa uti wa mgongo wa maombi yangu, na hata nisingepewa hiyo feloshipu darasa langu lingekuwa limeshafaidika. Hakuna semina ya ufundishaji iliyowahi kunifikisha hapo.

Udhaifu upo na ni mkubwa. Ukiomba moja kwa moja kwao, hakuna mtu anayekuja kukaa darasani akuone unafundisha. Wanasoma maelezo yako, kwa Fellow ni kama maneno 3,000, pamoja na barua mbili za watu wanaoijua kazi yako, basi. Mwenye kalamu nzuri anapata nafuu ambayo mwalimu mzuri asiyependa kuandika haipati, na ukizingatia maombi kwa kawaida ni kwa Kiingereza, sisi ambao sio lugha yetu ya kwanza tunabeba mzigo wa ziada. Kuna vyuo vilivyoidhinishwa kutoa feloshipu hii vyenyewe kupitia mpango wao wa ndani, na baadhi vinakubali ueleze kwa mazungumzo badala ya kuandika, kwa hiyo ulizia chuoni kwako kabla ya kitu chochote. Na ada nayo inategemea, anayetoka chuo ambacho sio mwanachama analipa zaidi sana kuliko wa chuo mwanachama.

Kingine kilichoniuma, na hapa silaumu feloshipu yenyewe, ni jinsi baadhi ya waajiri wanavyoitumia. Nimeona chuo kimoja kimeifanya sharti la kuthibitishwa kazini, sawa sio vibaya, ila wakawagawia watu maelezo yaliyokwisha kuandikwa wabadilishe jina la somo tu. Watu wanaijaza kama fomu ya kodi, wanapata, na darasani hakuna kilichobadilika hata chembe. Jamani kama unasimamia wenzako naomba usiwafanyie hivo, wape muda, wape mtu wa kuongea naye, waache waandike kuhusu wanafunzi wao.

Kwenye ajira inasaidia, matangazo mengi ya kazi za kufundisha vyuo vya Uingereza yanaitaja, mengine kama sharti na mengine kama sifa ya nyongeza. Mi naipa nyota nne, hiyo ya tano nimeizuia kwa sababu ya darasa kutoonwa.

Ukiamua kuomba, anza kukusanya ushahidi leo hata kama utaandika mwakani: matokeo kabla na baada, imeli ya mwanafunzi aliyeeleza alichoelewa, maoni ya mwenzako aliyewahi kuingia kipindi chako. Na kama ulisoma kozi ya ualimu wa vyuo kwenye chuo cha Uingereza, angalia kwanza kama kozi hiyo iliidhinishwa na wao, maana inawezekana feloshipu ilikuja pamoja na cheti na huna haja ya kulipa tena.