Kibanda cha vipande vya mbao Kibuye: hapa ndio nilipata mbao ya kurekebisha randa ya zamani

Wale mnatengeneza vifaa vya zamani na mko Kisumu ama karibu, kuna kibanda soko la Kibuye, upande wa mafundi wa fanicha, cha jaduong' (mzee) mmoja anauza vipande tu, yaani mabaki ya makabati, miguu ya viti vilivyovunjika, fremu za milango, nguzo za kitambo, na mimi nampa nyota nne kwa tano.

Randa yangu, yaani kile kifaa cha kulainisha mbao, ni ile ndefu ya mbao, chuma chake cha kukata kimepigwa muhuri wa Marples, Sheffield, na mwili ni biichi kama randa nyingi za Uingereza za enzi hizo. Biichi ni mti wa Ulaya, huwezi enda kwa mashine ya mbao hapa kwetu uagize futi mbili. Na randa ilikuwa imeumia kweli: pembe ya mpini imekatika, ubavu mmoja umeliwa na dudu, halafu mdomo, ule mwanya wa chini ambapo chuma hutokea, umepanuka kwa kutumika miaka mingi hadi inang'oa mbao badala ya kuilainisha. Kuna yadi moja mjini waliniuzia kitu wakasema ni mahogani kavu, ikajipinda kabla hata sijaigusa na msumeno. Hiyo tuiache hapo.

Jaduong' kwanza aliomba kuiona randa yenyewe. Hakuangalia rangi, alilowesha kidole akapangusa ubavu, na ukilowesha biichi hivyo unaona vile vidoadoa vidogo vya kahawia vimejipanga kama punje za mchele, ndio alama yake. Akaniambia kijana wangu, rangi utapaka baadaye, wewe tafuta nyuzi, yaani ile mistari ya mbao yenyewe. Akachomoa kipande cha grevilia, ile wengine huita mukima, imepasuliwa kufuata miale ya mti kutoka kati, na kwa kweli ina madoa ya aina hiyo hiyo, ni makubwa kidogo na yanang'aa zaidi lakini ukisimama mita moja huoni tofauti. Hiyo nikatumia kwa ubavu. Kwa mdomo alinikatalia kabisa kuniuzia grevilia, akasema ni nyepesi, hapo panasuguliwa kila siku itaisha haraka, akanipa kipande cha nguzo ya zamani ya mutamaiyu, yaani mzeituni wa porini, mbao ngumu nzito mpaka patasi inalia. Haifanani na biichi hata kidogo, ina mistari myeusi, lakini iko chini ya randa nani ataiona, na mimi naona alinishauri vizuri kuliko ningefika na pesa tu nikachukua nilichotaka. Tena alisisitiza nyuzi za kiraka zifuate urefu wa randa kama za mwili, kwa sababu mbao hutanuka kwa upana wake, na hewa yetu ya hapa karibu na ziwa ikibadilika, kiraka kilichokaa kinyume kitasukuma gundi hadi ifunguke.

Kitu kilichonifurahisha zaidi ni ile pembe ya mpini. Alienda nyuma akarudi na mguu wa kile kiti cha zamani cha mbao iliyopindwa kwa mvuke, zile za mgongo wa duara, na hizo kwa kawaida zilitengenezwa na biichi. Biichi yenyewe! Kavu ya miaka na miaka, haiwezi kukusumbua tena. Mguu haungetosha kiraka kipana lakini kwa mpini ulitosha na kubaki, nikaunganisha, nikalainisha, nikapaka mafuta ya linsidi, na sasa kiungo unakitafuta kwa kucha.

Bei ni sawa, mguu mia moja na hamsini, mutamaiyu mia tatu, grevilia akanipa bure juu ilikuwa kipande kidogo. Anapokea M-Pesa.

Sasa mbona si nyota tano. Hana msumeno wa mashine, kwa hivyo kupasua unapeleka kwa jirani unalipa kando, na huyo jirani hana haraka na wewe. Vipande vingine vimelala chini kwenye unyevu, kataa hivyo, omba vile viko juu karibu na mabati. Na vijana wanaomsaidia wanaita kila mbao nyekundu mahogani, so ukikuta yeye hayuko afadhali ungoje. Pia kagua matundu ya dudu: ukigonga kipande na unga laini ukadondoka, huenda wadudu bado wako ndani, usikipeleke nyumbani karibu na randa.

Jumapili soko linajaa sana, hutapata nafasi ya kugeuza vipande moja moja ama kuongea naye vizuri, nendeni katikati ya wiki asubuhi na mbebe kifaa chenyewe, si picha ya simu, maana kwa picha hawezi kulowesha kidole.