Simyuleta ya nyumbani ama Caravan ya Wilson kwenda Mara?

Watu wa simyuleta, yaani sisi wa kurusha ndege kwa kompyuta, Cessna Caravan, ile ndege ndogo ya injini moja, tunaijua swichi kwa swichi, sasa juzi nimepanda yenyewe kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, kwenda Mara na njia nzima nilikuwa nalinganisha tu. Kwa kujifunza, kompyuta bado iko juu: unasimamisha ndege hewani, unasoma geji polepole, unarudia kutua mpaka mkono uzoee, na mafuta hulipi. Lakini mwili haudanganywi na skrini. Wilson iko karibu futi 5,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, ndege inakula ranwei ndefu kabla iachie ardhi, na hiyo kitu nilikuwa naijua kama namba tu, sasa nikaisikia mgongoni. Halafu kupita Ngong upepo ukaanza kututingisha, nikaona rubani anasahihisha usukani kidogo kidogo, vidole vimelegea kabisa, hiyo hakuna joystiki itakufundisha, aki.

Ukipanda, mizigo mwisho ni kilo 15, tena begi laini.

Kama una pesa ya kitu kimoja, ama kompyuta kali ama hii safari, chukua safari, na uombe kiti cha nyuma ya rubani uone geji zote.