Klasi ya Kiingereza ya Jumamosi pale tao, nyota tatu na nusu

Mimi ni soja wa geti huku Kilimani, zamu ya usiku. Kila kitu kikipita getini lazima kiingie kwa OB, kile kitabu cha matukio, na OB yetu ni ya Kiingereza, hata kama mgeni ameongea Kiswahili mwanzo mwisho. Sasa fundi wa lifti aliniambia Jumatatu saa tano usiku atakuja kesho, mimi nikaketi kuandika saa saba usiku, tarehe imeshakuwa Jumanne, nikaweka "he said he will come tomorrow". Supavaiza amesoma asubuhi akahesabu kesho ni Jumatano. Fundi amefika Jumanne na vyuma vyake, soja wa mchana akamrudisha. Barua ya onyo nikapewa mimi.

Ndo nikaingia hii klasi. Iko kijijengo kimoja kando ya barabara ya Tom Mboya, ghorofa ya nne, na huko lifti hata hakuna. Jumamosi nne, saa nane mpaka saa kumi, elfu mbili na mia tano, nikalipa na M-Pesa mara mbili.

Madam anajua kazi, hiyo siwezi kataa. Siku ya kwanza hakushika Kiingereza kabisa, alituuliza "nitakuja kesho" kwa usemi wa taarifa, yaani ukiripoti maneno ya mtu, inakuwaje, tukajibu wote kama watoto wa darasa la saba, alisema kwamba angekuja siku iliyofuata! Akasema basi hii kitu mnaijua, "ta" ikiwa "nge" ndo "will" inakuwa "would", kesho inakuwa "the following day", jana "the day before", hapa inakuwa "there". Mimi wa KCPE (mtihani wa darasa la nane) ya 2009 nilikuwa nafanya hizo mbili kama masomo tofauti, na hakuna mtu aliwahi kunionyesha zinafanana hivyo.

Pale alinimaliza ni "say" na "tell". Watu wengi huandika "he said me", hata mimi. Akatuuliza kwa Kiswahili "alinisema" ni nini, si ni kwamba amekusengenya ama amekugombeza? Ukitaka mtu aliyepewa maneno unasema aliniambia. Basi "tell" ndo kuambia, hiyo inataka mtu, "say" ni kusema tu. Sijakosea tena tangu hiyo siku.

Maswali pia alifundisha poa. "Where is the caretaker?" ukiripoti ni "he asked where the caretaker was", alama ya kuuliza inatoka na "was" inaenda mwisho, vile tu tungesema aliuliza keateka alikuwa wapi. Na swali la ndio ama la linataka "if" ama "whether".

Sasa shida. Handauti ni fotokopi ya fotokopi na imeandikwa tensi LAZIMA irudi nyuma kila mara. Dada mmoja wa saluni akauliza, kwani jua likichomoza mashariki nalo tuandike lilikuwa linachomoza? Madam akakubali kitu ambacho bado ni kweli kinaweza kubaki vile kiko, lakini wiki iliyofuata wageni wakapewa karatasi ileile. Jumamosi ya tatu hakuja, akatuma kijana akasoma kwa simu yake. Amri nazo tulipewa dakika kumi za mwisho, na hiyo kwa soja ni nusu ya kazi jamani, usiku mzima mimi ni usipaki hapo, zima taa, shusha kioo. Nilipata tu "I told him not to park there", na kwamba si "told him don't". Na ukienda keti mbele, dirisha la nyuma kuna mhubiri na spika kubwa chini, utasikia mahubiri yote na hutasikia klasi.

Halafu kuna mambo ya cheti. Siku ya kujiandikisha mama wa ofisi alituambia cheti ni bure, siku ya mwisho anataka mia tano, eti alisema kitabu ndo bure. Tulikuwa watatu kwa mlango. Mimi nilikuwa nimeandika kwa daftari, tarehe na saa, maneno yake ndani ya alama za kunukuu, nikamsomea. Cheti nikapewa. Wale wawili walilipa.