Gemu la magari ni tamu, ila nina neno na aliyeniuzia

Nianze na kijana wa dukani, maana yeye ndiye chanzo. Duka liko Ngamiani, jina nalihifadhi. Naingia, kijana kainamia simu, kichwa hainui: "Sema." Jamani, Tanga hii! Hapa hata mtu anayekuja kukudai hukusalimia kwanza, akauliza na watoto hawajambo, ndipo ataje pesa yake. Nikameza. Nikauliza swali moja tu: hili gemu linataka intaneti? "Halitaki, mzee. Unaweka diski, unacheza." Nina miaka 44. Kama mimi ni mzee, shikamoo yangu iko wapi?

Haya, gemu lenyewe. Nimeendesha Hiace ya Pangani tangu barabara ile ikiwa vumbi tupu, kwa hiyo gari la kwenye runinga halinidanganyi kirahisi. Magemu mengi niliyocheza, gari linakata kona kwa spidi 180 kama limefungwa kamba. Hili sivyo. Ukikanyaga breki unaona pua inainama, uzito wote unakuja mbele, kitako kinabaki chepesi. Kanyaga huku umeshakata usukani uone kitako kinavyokuja kukusalimia ubavuni. Tairi zikiwa za baridi, mzunguko wa kwanza unaendesha kama umepakia trei za mayai. Wala sina usukani wa gemu, natumia pedi ya kawaida, ile ya vitufe ya kushika mikononi, lakini naisikia barabara vidoleni.

Usiku wa kwanza niliingia Nürburgring, ile njia ndefu ya Ujerumani, kilomita 20 na ushee kwa mzunguko mmoja, kona zaidi ya 70. Karibu nusu ya safari yangu ya Pangani, ila huku hakuna wa kukwambia "shusha". Nimeshtukia adhana ya alfajiri. Mke wangu kanikuta nimelalia upande mmoja wa kochi, nafuata kona.

Kasoro zipo. Nürburgring ndipo dereva Niki Lauda alipoungua mwaka 1976, na baada ya hapo mbio za Formula 1 hazikurudi tena kwenye njia ile ndefu. Mimi nimebamiza ukuta wa huko huko kwa 220, gari likatoka na mkwaruzo wa kufuta kwa kitambaa. Na hao madereva wa kompyuta wamepangana kama siafu, ukiwagonga wala hawakasiriki. Lakini hayo navumilia.

Nisichovumilia ni hiki. Diski niliweka, gemu likaomba apdeti ya GB 90 na kitu. Bando la wiki lote likaenda na maji, nikaongeza jingine. Nikajisemea, basi, ni mara moja. Siyo mara moja! Gemu linataka intaneti kila siku, hata ukicheza peke yako na kompyuta, hata kama humhitaji binadamu yeyote duniani.

Juzi juzi nimo Spa, Ubelgiji, mbio za saa nzima, mvua inanyesha. Wenzangu wote wameng'ang'ania tairi za kavu, mimi nikawahi kuingia kubadilisha, nikaweka za mvua. Nilitoka wa 9. Mmoja mmoja nikawaokota, kijasho kinanitoka, chai imepoa mezani na ngozi juu. Mzunguko wa mwisho niko wa kwanza, nimebakiza kona mbili, bando likakata. Kioo kikaganda, yakaja maandishi kwamba mawasiliano na seva yamepotea. Saa nzima ile haikutunzwa. Hata sifuri hawakunipa, ni kama sikucheza.

Kesho yake nikarudi dukani na diski mkononi. Kijana yule yule, simu ile ile. "Mzee, si ungesoma kwenye boksi?" Kwani nilimuuliza yeye au niliuliza boksi? Nikamwambia nirudishie pesa, akasema bidhaa ikishafunguliwa hairudi, akageukia mteja mwingine. Nikatoka natetemeka.

Kwa hiyo msinunue. Wizi mtupu, nyota moja kati ya tano, na hiyo moja ni ya zile tairi za mvua.

Nimeacha maandishi haya hapo juu nikaenda kuswali, nimerudi. Ngoja niwe mkweli. Kama nyumbani una intaneti ya uhakika isiyokata, nunua, hutajuta, nyota nne. Kama unaishi kwa bando kama mimi, basi uwe unatazama salio kabla hujaingia mbio ndefu, ucheze zile fupi za mizunguko mitatu. Diski nilisema nitaiuza. Kuna jirani ameshaiulizia, nimemwambia asubiri kidogo, maana kuna ile Spa.

Bando nimeshaweka. Ila yule kijana, shikamoo yangu bado namdai.