age: msaada mfupi unaoeleweka, wenye mapengo machache

Andika `age` peke yake kwenye terminali na programu hii ya kusimba faili kwa njia fiche itakuonyesha maelezo ya msaada papo hapo, haitakaa kimya ikisubiri data. Imeandikwa na Filippo Valsorda, na toleo la 1.0 lilitoka mwaka 2021. Juu kabisa kuna namna tatu za kuitumia: kusimba kwa ufunguo, kusimba kwa nywila, na kusimbua. Yanafuata machaguo manane, kila moja na herufi yake fupi na jina lake refu, halafu mfano kamili unaoanza na `age-keygen -o key.txt`, amri ya kutengeneza funguo, na kuishia kwenye kufungua faili. Mfano huo ndio moyo wa maelezo yote. Mtu ananakili mistari mitatu, anabadilisha majina ya faili, kazi imekwisha. Anayeujua msaada wa gpg, programu nyingine ya kusimba, ulivyo mrefu, ataona tofauti mara moja.

Ujumbe wa makosa nao umetungwa kwa uangalifu. Ukisimba bila `-o` (faili ya kuwekea matokeo) wala `>` (kuelekeza matokeo kwenye faili), age inakataa kumwaga data ghafi kwenye skrini, kisha inakudokeza utumie `-a` (armor) upate data iliyosimbwa katika umbo la maandishi, au `-o -` ukitaka kulazimisha. Kosa na dawa yake viko pamoja. Faili ya ufunguo pia imepangwa vizuri: tarehe na ufunguo wa umma (wa kusimbia, unaoweza kumpa yeyote) vimo kwenye mistari inayoanza na `#`, ufunguo wa siri (wa kusimbulia) uko chini yake, kwa hiyo faili ileile inaingia kwenye `-i`, chaguo la ufunguo wa kusimbulia, bila kuguswa. Ukihitaji ufunguo wa umma baadaye, `age-keygen -y key.txt` inautoa.

Sasa kasoro. Msaada unachapishwa kwenye stderr, njia ya ujumbe wa makosa, ambayo alama ya `|` haiipitishi, kwa hiyo `age --help | grep armor` (kutafuta mistari yenye neno armor) haichuji kitu, maelezo yote yanamiminika kwenye skrini. Andika `age --help 2>&1 | grep armor`. Mistari ya `-r` (ufunguo wa umma wa kusimbia) na `-R` (faili yenye funguo hizo) inapita herufi 80, na kwenye dirisha jembamba inakatika na kuvuruga safu.

Kubwa zaidi ni `-o`. Faili ikiwepo tayari, inafutwa na kuandikwa upya bila swali, ilhali gpg huuliza kwanza. Onyo limo, lakini ni sentensi moja chini ya orodha ya machaguo, mahali ambapo jicho limeshapita. Lingestahili kukaa kwenye mstari wa `-o` wenyewe. `age-keygen` haina hatari hiyo: hukataa kuandika juu ya faili iliyopo.

Jambo ambalo msaada haulitaji kabisa: age husimbua kwa vipande vya KiB 64, ikitoa kila kipande kikishathibitishwa. Faili iliyokatika njiani itatoa sehemu ya mwanzo iliyo sahihi kisha kosa. Katika skripti ya bash inayopeleka matokeo kwa `tar`, programu ya kufungua kumbukumbu za faili, weka `set -o pipefail` ili kosa la age lisifichwe na amri inayofuata, na usiamini kilichotoka kabla ya kuona amri imemaliza kwa 0, yaani bila kosa.

Kwa nakala rudufu za usiku, achana na `-p` (kusimba kwa nywila), maana nywila husomwa kwenye terminali yenyewe, haipokelewi kupitia stdin, njia ambayo skripti hupitishia data. Tumia `-R` na faili yenye funguo za umma, mmoja kila mstari, na ufunguo wa siri uuweke nje ya mashine hiyo.